Usiuze kahawa ya mama ikiwa bado mtini, panda ukachume mwenyewe

Mleta mada, umesema unaendesha bodaboda hapa Tanga mjini, mama yako ana mibuni kama 150 upande wa Lushoto, na kuna mtu amekuja na hela mkononi anataka kuinunua kahawa yote ikiwa bado mtini. Unauliza muuze yaishe, au uache boda siku kadhaa ukachume. Mimi nimelelewa katikati ya mibuni. Nenda ukachume.

Kwanza kwa waliosema kahawa na Tanga wapi na wapi, Tanga ni mkonge. Mkonge uliletwa huku 1893, na wakati huo Wajerumani walikuwa wameshafyeka msitu kule Derema, Usambara Mashariki, wakapanda kahawa. Mashamba yale makubwa hayakudumu, udongo uliwaangusha. Lakini Wasambaa wanayo mibuni yao mpaka leo, kwenye vishamba vya mteremko, pamoja na migomba na maharage.

Sasa tuje kwako. Nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne, matokeo mabaya, nimekaa nyumbani nimenuna. Shangazi akanipa ndoo na upembo wa kuvutia matawi ya juu. Alinionesha mara moja tu: shika tunda kwa kidole gumba na cha shahada, lizungushe kidogo. Lililoiva linakuja lenyewe. Likigoma, liache.

Kazi yenyewe inachosha macho kabla ya mikono. Kwenye kifundo kimoja cha tawi utakuta tunda jekundu, pembeni yake la njano, chini yake la kijani gumu kama jiwe, yote yamebanana. Nikaona nafanya kazi ya mtoto. Nikashika tawi kwenye shina, nikavuta kiganja mpaka nchani, yote yakamiminika ndooni. Jua halijafika utosini nilikuwa na madebe mawili, na shangazi hajamaliza moja.

Hakunifokea. Alitandika turubai uani, akamwaga madebe yangu, akasema, "Chambua." Nilichambua mpaka taa ikawashwa. Mekundu hayakufika hata debe moja. Yale ya kijani hayakuwa na pa kwenda: kwenye mashine ya kumenya mengine hupita na ganda lake, mengine husagika na kuumiza punje nzuri, na huwezi kuyarudisha mtini yakaive. Asubuhi akanipeleka kwenye miti yangu, akanishikisha ncha za matawi nilizozivunja. Mbuni unazaa kwenye sehemu ya tawi iliyokua mwaka uliotangulia, kwa hiyo pale nchani ndipo palipokuwa pa msimu uliofuata. "Umechuma na ya mwakani," akasema. Mwaka uliofuata nilipita pale kwa makusudi nikaangalia. Miti ile ilikuwa na matunda ya kuhesabika.

Nimefanya makosa mengi maishani, lakini hilo ndilo lililonishika mkono nilipohitaji kushikwa. Nilipokuja mjini kujifunza kuchomelea, wenzangu wawili waliondoka baada ya miezi minne wakafungua vibanda vyao. Mimi nilikuwa nikiangalia mshono wangu na kuona kabisa bado wa kijani. Nikabaki kwa fundi miaka miwili. Watu walisema naogopa. Nilijua ninachosubiri.

Kitu kingine ambacho huyo mnunuzi hatakupa ni kurudi. Kahawa haichumwi mara moja. Unapita mti uleule leo, unarudi baada ya siku kumi au wiki mbili, na yale yaliyogoma juzi sasa yanadondokea mkononi. Kuna mti wa shangazi nilikuwa naudharau kwa sababu ulikuwa unachelewa. Mzunguko wa nne ulijaza ndoo peke yake. Tangu hapo sipendi kabisa kusikia mtu akimwambia mdogo wake ameachwa na wenzake.

Usiku utamenya pamoja na mama, siku hiyohiyo, maana matunda yaliyolala kwenye gunia huanza kuchacha vibaya. Kisha punje zinavundikwa kwenye ndoo siku moja au mbili, kule kwenye baridi hata zaidi kidogo, mpaka utelezi uachie. Hakuna saa ya kuangalia. Unaingiza mkono, unasugua: zikiteleza, bado; zikikwaruza kama changarawe, osha. Mwachie mama afanye hilo mbele yako, ujue anachokisikia kwenye vidole.

Huyo mwenye hela hana ubaya wa kipekee. Kule Kagera biashara hiyo ina jina kabisa, butura, na imekuwa ikipigwa marufuku kwa sababu mwenye shamba huuza kwa bei ya shida. Ila fikiria atachumaje. Ana vibarua wa siku, hana mpango na matawi ya mwakani. Watavuta kiganja kama nilivyovuta mimi.

Usikate tamaa ukiona matunda kilo tano au sita yanabaki kilo moja tu ya kahawa kavu ya ngozi, yaani punje zikiwa bado na ganda lake jembamba la ndani. Ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Na zigeuzeni juani kila mara, zifunikeni mvua ikitisha.

Mama hakukuambia uende kwa sababu anajua siku bila boda ni hela inayopotea. Mpigie leo. Muulize mekundu yameanza upande gani wa shamba, kwa kawaida upande unaopata jua hutangulia. Panda basi la asubuhi, ukifika Mombo chukua gari la kupanda juu, na ubebe sweta. Alfajiri matunda yana umande, vidole vinaganda mpaka saa tatu.