Ukifundisha miundombinu, anza na bomba la hapo nje

Wahadhiri wenzangu wa uhandisi, hasa mnaoanza kazi, somo la miundombinu kwa wanachuo wa shahada ya kwanza msilifundishe kwa kugusagusa kila kitu. Wiki hii barabara, wiki ijayo umeme, kisha bandari, kisha minara ya simu. Muhula unaisha mwanachuo ana slaidi za kujaza gunia na hawezi kukueleza maji ya bweni lake yanatoka wapi. Chagueni mfumo mmoja, muufuate hadi mwisho wake.

Mimi hapa Tanga huchagua maji. Mto Zigi unashuka kutoka Usambara Mashariki, unaingia bwawa la Mabayani, maji yanakwenda kusafishwa kwenye mtambo wa Mowe, halafu yanakuja mjini. Sisi tunaufuata kinyumenyume. Mwanachuo anaanzia kwenye mita ya nyumba moja ya Ngamiani, anamuuliza mama mwenye nyumba presha hushuka saa ngapi, ndipo anarudi kwenye hesabu za upotevu wa presha. Ile fomula aliyoichukia darasani sasa ina mtu anayeisubiri na ndoo mkononi.

Kabla ya safari, waone shabu, dawa ya kutuliza tope la maji, ikifanya kazi. Chota maji ya mto baada ya mvua, yale ya rangi ya chai ya maziwa. Yagawe kwenye bika kadhaa, kila moja itie kipimo chake cha shabu, koroga haraka kwa muda mfupi, kisha taratibu. Mwanzoni huoni kitu. Baadaye vinatokea vidonge vidogo, vinashikana, vinanenepa, vinazama, na maji ya juu yanabaki meupe. Bika iliyotiwa kidogo inabaki na ukungu. Iliyozidishiwa nayo huweza kubaki na ukungu, na hapo ubishi unaanza, maana kila mtu aliamini dawa ikizidi ndiyo bora.

Sasa uliza: tope hili limetoka wapi? Kitabu cha haidroliki hakina jibu. Liko mashambani huko juu na kwenye kingo za mto. Wakulima wa bonde hilo wana umoja wao wa kuhifadhi mazingira, UWAMAKIZI. Na mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya maji na mazingira. Wapo wenzetu watakaosema hayo ni mambo ya sosholojia. Sikubaliani nao hata kidogo: mkulima akilima hadi ukingoni, mtambo unanunua shabu zaidi, na anayelipa ni yule mama wa Ngamiani.

Mifumo mingine ipeni swali moja moja. Bandari ya Tanga: meli kubwa zilikuwa zikitia nanga mbali na mzigo kuletwa na matishari, yaani unapakuliwa mara mbili, kina kilipochimbwa hadi mita 13, nini kilibadilika kwenye muda na gharama? Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga: kwa nini lipashwe moto njia nzima, na joto lote hili la Tanga? (Yana nta nyingi, yakipoa yanaganda. Ila waacheni wahangaike kwanza.)

Barua ya kuomba ziara ipelekeni mapema, na viatu viwe vya kufunika vidole. Mkifika, msimwachie meneja peke yake aongee. Mtafuteni mwendesha pampu, mumuulize pampu hulia vipi inapovuta hewa. Atawaigizia, na hakuna slaidi yenye sauti ile.

Kwenye alama, sehemu kubwa naiweka kwenye maelezo ya mdomo, kwa Kiswahili, mbele ya mtu asiye mhandisi. Tunafundisha kwa Kiingereza, lakini mkutano wa mtaa hauendeshwi kwa Kiingereza. Nimeona vijana wakali wa hesabu wakikwama kueleza kwa nini maji hayapandi ghorofa ya tatu mchana. Anayekwama simfelishi siku hiyo. Namrudisha kwa mwendesha pampu, wiki inayofuata aje ajaribu tena.