Ukibishana kuhusu sera ya Marekani, njoo na majina na kura

Wiki iliyopita nimepata ujumbe wa binti anayesoma chuo kikuu pale Dodoma. "Shikamoo kaka. Timu yetu imepewa mada: Marekani iondoe majeshi yake Ulaya. Sisi tunapinga. Kila nikisoma nazidi kuchanganyikiwa, sijui hata nianzie wapi."

Ningeweza kumjibu kwa simu tukamaliza. Lakini maswali ya namna hii yananijia mara kwa mara, na najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto ile ile niliyokuwa nayo mimi: kushinda midahalo, kupata ufadhili wa masomo, na siku moja kukaa meza moja na hao Wamarekani bila kubabaika. Kwa hiyo nalijibu hapa kwa kirefu, na ili nilijibu vizuri lazima niwasimulie yaliyonikuta mimi.

Nimezaliwa na kukulia Morogoro. Shahada ya pili niliisomea Marekani, na somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la sera ya nje na mkakati wa usalama wa taifa. Tulikuwa tunakutana jioni, tumeizunguka meza moja ndefu, mwalimu anatupa swali, watu wanabishana. Ikija mada ya Urusi, maoni yanazunguka meza nzima halafu yananiruka. China, yananiruka. Silaha za nyuklia, hivyo hivyo. Ikitajwa Somalia au kambi ya jeshi la Marekani pale Djibouti, meza nzima inanigeukia mimi, kana kwamba nimekaa pale kwa kazi hiyo tu.

Siku moja tulikuwa tunazungumzia NATO, ule muungano wa kijeshi wa Marekani, Kanada na nchi za Ulaya, nikanyoosha mkono. Kabla sijamaliza sentensi ya pili, mwenzetu mmoja aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya seneta akanikatisha. Kwa upole kabisa akasema pengine ningeisaidia zaidi darasa kama ningeeleza Waafrika wanaionaje Marekani. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyenitetea. Mwalimu akampa nafasi mtu mwingine. Kiliniuma, na sitawadanganya ndugu zangu, mpaka leo kinaniuma. Matusi ningeyajibu. Lile la kupangiwa kiti changu na mtu niliyelipa ada sawa naye ndilo lililonikosesha usingizi.

Kesho yake niliingia maktaba nikaachana na wachambuzi wote wa magazeti na runinga. Nikafungua kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge lao. Ni vitabu vinene, maandishi madogo yamepangwa safu tatu kwa kila ukurasa, na baada ya mabishano unakuta orodha ya majina: waliosema ndiyo, waliosema hapana, na ambao hawakupiga kura. Nilikaa na orodha zile mpaka taa zikaanza kuzimwa. Pale ndipo nilipoelewa kwamba ndani ya Washington sera ya nje ni ugomvi wa watu wenye majina, na ugomvi ule umeandikwa, upo, na yeyote anaweza kuusoma.

Muhula ulipokaribia kwisha tukapewa mdahalo rasmi. Mada: rais ndiye mwenye kauli ya mwisho katika sera ya nje. Nikapangwa upande wa kupinga, na upande wa pili akakaa yule yule wa ofisi ya seneta.

Nilianzia Mazimbu. Nikawaambia kwamba nje kidogo ya mji wetu ANC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, walijenga shule, Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, ambako leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na kwamba yapo makaburi pale ya wapigania uhuru ambao hawakurudi kwao. Kisha nikawapeleka kwenye mji wao wenyewe. Miaka ya 1980 Rais Reagan hakutaka kuibana serikali ya Makaburu wa Afrika Kusini kwa vikwazo vikali. Msaidizi wa Waziri wa Mambo ya Nje aliyeshughulikia Afrika, Chester Crocker, aliamini kwamba kuzungumza nao taratibu kungezaa zaidi. Kuanzia Novemba 1984 mwanaharakati wa Marekani Randall Robinson na wenzake wakaanza kukamatwa wakiandamana kwenye ubalozi wa Afrika Kusini pale Washington, na waandamanaji wakaendelea kumiminika. Mwaka 1986 Bunge likapitisha sheria ya vikwazo: hakuna uwekezaji mpya, hakuna makaa ya mawe wala chuma kutoka kule, ndege za shirika lao zisitue Marekani. Septemba 26 Reagan akaipigia kura ya turufu.

Hapo nikasimama kidogo, nikasoma namba. Baraza la Wawakilishi liliitupa turufu ya rais kwa kura 313 dhidi ya 83. Seneti ikafuata Oktoba 2, kura 78 dhidi ya 21. Seneti ile ilikuwa mikononi mwa chama cha rais mwenyewe! Maseneta 31 wa Republican walimpinga kiongozi wao, na aliyewaongoza alikuwa Richard Lugar, mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje na mtu wa chama hicho hicho. Nikamuuliza mpinzani wangu: kauli ya mwisho siku ile ilikuwa ya nani?

Tulishinda. Mwalimu aliniomba ukurasa nilikozitoa zile kura, na tangu jioni ile swali la Urusi likitupwa mezani, na mimi niliulizwa. Najivunia hilo na sioni sababu ya kulificha.

Sasa nirudi kwako, dada yangu. Ushauri wangu ni huu: sema nani, sema lini, sema kwa kura ngapi. Usisimame mbele ya majaji ukasema "Marekani inataka". Ni Marekani ipi hiyo? Mkataba wa NATO ulipita Seneti mwaka 1949 kwa kura 82 dhidi ya 13, na kati ya waliokataa alikuwemo Robert Taft, mmoja wa vigogo wa Republican. Mwaka 1971 Mike Mansfield, kiongozi wa Democrat katika Seneti, alitaka wanajeshi walioko Ulaya wapunguzwe nusu, akashindwa kwa kura 61 dhidi ya 36. Kwa hiyo mtu akikuambia wazo la kuondoka Ulaya limezaliwa na Trump, una majina mawili ya kumjibu, na moja ni la Democrat.

Ongezea hili, maana majaji watalipenda: Desemba 2023 ilipitishwa sheria inayomzuia rais kuitoa Marekani NATO bila ridhaa ya theluthi mbili ya maseneta au sheria nyingine ya Bunge. Walioisimamia ni Tim Kaine wa Democrat na Marco Rubio wa Republican. Rubio huyo huyo leo ndiye Waziri wa Mambo ya Nje wa Trump.

Soma pia waraka wenyewe wa Mkakati wa Usalama wa Taifa wa Marekani, usisome habari zake tu. Sheria nyingine ya mwaka 1986 inamtaka rais aupeleke Bungeni, na wa kwanza ulitoka Januari 1987. (Mshauri wa usalama wa taifa wa Reagan wakati huo alikuwa Frank Carlucci, yule yule aliyefukuzwa Zanzibar mwaka 1965 kwa tuhuma za njama dhidi ya serikali. Historia ya hawa watu inapita kwetu kuliko tunavyodhani.) Weka wa Bush wa Septemba 2002, uliojenga hoja ya kumpiga adui kabla hajajipanga, kando ya ule wa Trump wa Desemba 2017 unaowataja China na Urusi kama washindani. Utaona hofu inavyohama.

Na tafadhali sana, vijana wangu, tuache kupiga kelele za mabeberu tukidhani tumejenga hoja. Hasira tunayo na sababu tunazo. Agosti 7, 1998, balozi za Marekani zilipolipuliwa, watu wetu walikufa Nairobi na Dar es Salaam katika vita ambavyo hawakuvianzisha. Lakini jaji hakupi alama kwa hasira. Anayesema Iraq ilikuwa vita ya Bush peke yake hajasoma. Oktoba 2002 Seneti ilimpa ruhusa kwa kura 77 dhidi ya 23, na maseneta 29 wa Democrat walisema ndiyo, Joe Biden, Hillary Clinton na John Kerry wakiwemo. Soma majina. Soma tarehe. Hesabu kura.

Wapinzani wako watakuja na hoja moja nzito: Ulaya ni tajiri, ijilinde yenyewe. Usiikatae, utaumia. Kubali, kisha taja kwamba pale The Hague, Juni 2025, wanachama wa NATO walikubaliana kufikisha matumizi ya ulinzi na usalama asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo 2035. Kumbusha kwamba Kifungu cha 5, kile cha kulindana, kimetumika mara moja tu, baada ya Septemba 11, 2001, na aliyeshambuliwa alikuwa Marekani. Halafu waulize: wanajeshi hao wakiondoka mwaka huu, kuanzia sasa mpaka 2035 nani atasimama kwenye mpaka wa Estonia na Urusi?