Re: Februari Serengeti, tutaona nyumbu wakivuka mto?

Mkuu salama. Nimekuelewa, umepewa kotesheni ya kempu ya kifahari Kogatende mwezi wa pili na unataka wazazi waone nyumbu wakivuka mto Mara. Usilipe depoziti kwanza. Cheki kempu iko wapi kwenye ramani, achana na picha za bafu, maana Februari nyumbu wako kusini huko Ndutu wanazaa na Kogatende ni kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, wanavuka kuanzia Julai hivi mpaka Oktoba. Mimi huwa napeleka wageni, hii naiona kila msimu. Simba na tembo kaskazini wapo mwaka mzima ila sio ulichofuata.

Kama tarehe haibadiliki hamia Ndutu, vindama kila kona na duma hawakai mbali. Kama lazima mto, sogeza safari na ulale huko angalau usiku tatu, siku ya kuvuka haijui mtu hata dereva wa miaka mingi.

Alafu wazee usiwapitishe barabarani toka Arusha, ni mbali na vumbi, wapande ndege, ila vile vindege mwisho kilo 15 na begi liwe laini. Na hakikisha kotesheni imepiga viingilio vya Mtanzania sio vya mgeni, tofauti ni kubwa mno, wabebe vitambulisho vya NIDA. Uliza pia gari ni lenu peke yenu au mnachangia na wageni wengine wa kempu, hilo wengi hawalisemi mpaka umefika.