Nyumba ya Buruburu, mwenyewe yuko Kanada

SWALI: Nilihamia Toronto 2019. Nyumba yangu ya Buruburu, Nairobi, niliyoishi miaka 8, ina mpangaji na sasa mnunuzi amepatikana. Naambiwa makazi hayatozwi kodi ya faida ya mtaji. Ni kweli?

JIBU: Msamaha huo umekuponyoka, pole. Sheria ya Kenya humsamehe aliyeishi humo mfululizo miaka 3 ya mwisho kabla ya kuuza. Ile 8 ya zamani haikusaidii.

Kiwango ni asilimia 15 tangu Januari 2023, ila ni ya faida, si ya bei. Tuseme ulinunua kwa shilingi 6,000,000, ushuru wa stempu 240,000, wakili 100,000, vyumba ulivyoongeza 660,000: jumla 7,000,000. Ukiuza 10,000,000 na gharama za kuuza zikawa 400,000, faida ni 2,600,000, kodi 390,000.

Kwenye vyumba vya kuongeza ndipo wengi huumia: fundi alilipwa taslimu, risiti hakuna, na gharama isiyo na ushahidi hukataliwa. Tafuta taarifa za benki na M-Pesa mapema. Malipo hupitia iTax, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya kodi ya Kenya (KRA), kwa PIN yako mwenyewe, yaani namba ya mlipakodi.

Kanada nayo itauliza kuhusu faida hiyo. Huko gharama inayotolewa kwenye bei ya kuuza huanzia thamani ya nyumba siku ulipohamia, si bei uliyonunulia, kwa hiyo tafuta mthamini aikadirie ya 2019.