Betta katika maji ya Goma: nani anaweza kukaa naye tangi moja

Orodha nyingi za samaki wa kukaa na betta zimeandikwa na watu wenye maji laini bombani, yaani yenye madini machache. Watakuambia uchukue neoni na rasbora, samaki wadogo wa maji laini, mambo yaishe. Goma hayaishi hivyo. Sehemu kubwa ya maji ya bomba hapa hupampiwa kutoka Ziwa Kivu, na ziwa hilo lina pH (kipimo cha asidi; 7 ni katikati, juu yake si asidi) ya karibu 9 na baikaboneti tele, chumvi zinazoishikilia pH juu. Betta ni samaki wa Thailand, anayependelea pH ya 6.5 hadi 7.5, ingawa aliyezaliwa kwenye tangi huvumilia hadi karibu 8 akizoeshwa polepole. Anza na maji, ugomvi wa samaki utafuata.

Usimimine ndimu wala siki. pH itashuka, kisha baikaboneti zitairudisha juu, na kupanda na kushuka huko ndiko kunakochosha samaki. Kuchanganya nusu kwa nusu na maji ya chupa pia hakutoshi, maana baikaboneti zinabaki nyingi mno. Sehemu moja ya bomba kwa sehemu tisa za maji yenye madini machache ndiyo inayokufikisha karibu na 8. Soma lebo ya chupa, tafuta yenye baikaboneti ndogo. Kwa tangi la lita 60, ukibadilisha lita 15 kila wiki, hiyo ni lita moja na nusu ya bomba na nyingine zote za chupa. Mfuko utalia. Maji ya bidoni yaliyotiwa klorini ufukweni yakae saa 24 kwenye beseni wazi, pampu ya hewa ikipuliza, kabla ya kuyatumia.

Na mvua ya kwenye bati? Moshi wa volkano ya Nyiragongo huipa asidi na floridi, na asidi hiyo hula zinki ya bati. Konokono na uduvi ndio wa kwanza kufa.

Sababu ya kuhangaikia pH hivyo ni amonia, ile inayotoka kwenye kinyesi na chakula kilichobaki. Kwenye pH ya 7, chini ya asilimia 1 ya amonia huwa katika hali ya sumu. Kwenye pH ya 9, maji yakiwa na nyuzi 25, ni zaidi ya theluthi. Idadi ileile ya samaki inayoishi vizuri kwa mtu wa maji laini inaweza kukufia hapa ndani ya siku chache. Basi weka wachache kuliko orodha inavyoruhusu.

Betta mwenyewe atakudanganya. Ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, kwa hiyo maji yakikosa oksijeni yeye bado anazunguka kama kawaida, na wenzake wanakufa chini yake. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi, na maji ya kimo hicho hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko ya pwani. Ndiyo maana ningeweka koridora wa rangi ya shaba, kambare mdogo wa tangini, mbele ya wote: naye hupanda kumeza hewa, anaishi chini ambako betta hana shughuli, na mapezi yake mafupi hayamkasirishi mtu. Weka sita, tangi lisipungue lita 60, joto nyuzi 25. Ila usimlaze juu ya changarawe ya lava. Hapa Goma lava inapatikana bure kila kona, na kingo zake hukata ndevu za koridora na kuchana mkia wa betta. Mpe mchanga laini uliooshwa. Lava iende ndani ya chujio, huko inafaa sana kwa bakteria.

Wa pili ni plati jike, watatu. Wanapenda maji yenye madini, hawana mkia wa kupepea. Wengi hununuliwa tayari wana mimba. Vifaranga betta atavimaliza, na kusema kweli ni afadhali. Konokono wa kufugwa nao wanafaa. Usiokote konokono wala majani ziwani: baadhi ya konokono wa maji baridi hubeba kichocho, na mkono wako utaingia tangini kila wiki.

Gapi dume mwenye mkia mrefu wa rangi, betta humwona mpinzani. Gurami ni wa ukoo wake, watapigana. Samaki aitwaye barbu wa milia (tiger barb) ndiye hunyofoa mapezi ya betta. Neoni na rasbora waache mpaka maji yako yashuke kweli. Wale siklidi wa Ziwa Tanganyika wanaopitia Uvira hupenda pH ya 9, lakini wanalinda eneo kwa meno. Na sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, jamani, ni wa sahani.

Wageni watengwe wiki tatu kwanza. Kisha waingie tangini kabla ya betta, wiki mbili mbele, ili asikute ni lake peke yake. Siku ya kumwingiza, mweke saa moja ndani ya chupa pana inayoonyesha, ikielea. Kufungua matamvua mara chache si tatizo. Akiwafukuza bila kuchoka, au mapezi yakianza kuchanika, mtoe. Kuna betta asiyekubali mtu yeyote. Huyo abaki na konokono.

Koridora wape tembe za kuzama baada ya kuzima taa, la sivyo betta atazila zote. Kifuniko kiache sentimita 4 za hewa juu ya maji, maana usiku wa Goma hufika nyuzi 15 na hewa baridi humdhuru betta anapopumua.

Umeme ukikatika, acha kulisha, funika tangi kwa blanketi pande nne, washa pampu ya hewa ya betri. Ukipita saa sita bila umeme, badilisha robo ya maji kwa yale uliyokwisha kuyachanganya, yakiwa na joto lilelile la tangini.