Maserati si tawi la Ferrari: ilikuwepo kabla

Wakuu, mleta mada ameuliza kama Maserati ni Ferrari ya bei nafuu, kwa kuwa kuna kipindi injini zake za V8 zilitoka Maranello, kwenye kiwanda cha Ferrari. Mimi ni fundi magari, niko huku Emilia, Italia, kati ya miji ya Bologna na Modena, na swali hili nakutana nalo sana. Jibu ni hapana.

Alfieri Maserati alifungua karakana yake Bologna Desemba 1914, pamoja na wadogo zake Ettore na Ernesto. Gari la kwanza lenye jina la Ferrari limetoka 1947. Piga hesabu mwenyewe.

Hawa ndugu walikuwa watu wa mashindano tangu mwanzo. Walitengeneza plagi, wakaunda magari ya mbio kwa ajili ya kampuni ya Diatto, na Diatto ilipojitoa, wakauchukua mradi ule wakaufanya wao. Ndiyo ikazaliwa Tipo 26: silinda nane, lita 1.5, supachaja (kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini). Aprili 1926 Alfieri mwenyewe akaliendesha kwenye mbio za Targa Florio kule Sicilia, akashinda katika kundi la magari ya lita 1.5. Nembo ya mkuki wa ncha tatu ilichorwa na ndugu yao Mario, msanii, akiitoa kwenye sanamu ya Neptuni iliyopo katikati ya mji wa Bologna. Nikipita pale huwa nasimama.

Alfieri alifariki 1932. Mwaka 1937 ndugu waliobaki wakauza kampuni kwa Adolfo Orsi, tajiri wa Modena, ambaye baadaye alihamishia kiwanda kwao. Mwaka 1939 na 1940 Mmarekani Wilbur Shaw akashinda mbio za Indianapolis 500 kwa Maserati, gari la Kiitaliano likiyapiku ya Wamarekani nyumbani kwao! Mkataba wa ndugu hao wa kubaki kazini kwa Orsi ulipoisha 1947, walirudi Bologna kuanzisha kampuni mpya, OSCA, wakaunda magari ya mbio tena.

Sasa tuje kwa 250F, gari la mbio la Maserati ninalolipenda kuliko yote. Lipo moja kwenye mkusanyiko wa familia ya Panini, nje kidogo ya Modena, ndani ya shamba la ng'ombe wa maziwa linalotengeneza jibini. Ukichungulia ndani utaona pedali ya mafuta iko katikati, kati ya klachi na breki. Mtu aliyezoea gari la kawaida angetaka kufunga breki akajikuta anaongeza moto.

Kwa gari la aina hiyo, Agosti 1957, dereva wa Argentina Juan Manuel Fangio, umri miaka 46, alikuwa kwenye mbio za Nürburgring, Ujerumani. Alianza na mafuta nusu tangi ili awe mwepesi, akijua atasimama njiani. Aliposimama, mafundi wakachelewa kwenye matairi, akatoka akiwa nyuma ya Ferrari mbili za Hawthorn na Collins kwa zaidi ya sekunde 40. Kila mzunguko pale ni karibu kilomita 23. Akavunja rekodi ya mzunguko, akaivunja tena na tena, akawapita wote wawili, akashinda kwa sekunde 3.6 na kutwaa ubingwa wake wa tano wa dunia. Kwangu mimi hakuna mbio iliyowahi kuifikia ile.

Mwisho wa mwaka huohuo kiwanda kikaondoa timu yake, maana gharama zilikuwa zimekilemea. Kilichokiokoa ni gari la barabarani, 3500 GT, lililouzwa zaidi ya 2,000. Baadaye wakaja wamiliki wapya: Citroën 1968, De Tomaso 1975, Fiat 1993.

Ferrari iliingia 1997 kwa kununua nusu, ikamaliza yote 1999, na 2005 kampuni ikarudi Fiat. Injini zile za V8 za kutoka Maranello ni matunda ya kipindi hicho. Lakini gari la MC20 la 2020 lilikuja na injini ya V6 ya Maserati wenyewe, inaitwa Nettuno. Kwa hiyo ukiikuta Maserati inauzwa, uliza kwanza ni ya mwaka gani na injini ipi, ndipo mzungumze bei.