Maswali ya Wasomaji: Inhela Ninayo, Mbona Bado Nabanwa?

Swali: Shikamooni, madaktari. Nina pumu tangu utotoni, sasa nina miaka 31. Zamani inhela ya bluu ilinikaa miezi mitano. Siku hizi wiki sita tu imekwisha. Nilipewa na ya kahawia, lakini nikiivuta sisikii nafuu yoyote, nikaiacha. Je, mwili umeizoea dawa?

Jibu: Marahaba. Tupige hesabu kwanza. Inhela ya salbutamol, yaani hiyo ya bluu, kwa kawaida ina mipulizo 200. Ikiisha kwa wiki sita, unapuliza karibu mara tano kila siku. Anayemaliza inhela tatu au zaidi kwa mwaka tayari yumo kwenye hatari ya kupata shambulio kali, na kwa mwendo huo wewe utamaliza nane.

Ukuta wa ndani wa njia zako za hewa umevimba na unatoa ute mzito, na uvimbe huo upo hata siku unayojisikia mzima kabisa. Vumbi, moshi, baridi au mafua yakija, misuli inayozunguka njia hizo nayo inajikaza. Salbutamol hulegeza misuli ndani ya dakika chache, nguvu yake ikadumu saa nne hadi sita, lakini uvimbe haiugusi. Kazi ya uvimbe ni ya hiyo ya kahawia uliyoiweka kando: beklometasoni au budesonidi, ambazo ni steroidi za kutuliza uvimbe, kila siku, ubanwe usibanwe. Haikupi kitu papo hapo. Faida yake huanza kuonekana baada ya siku kadhaa hadi wiki chache, na wengi huitupa kabla hazijafika. (Rangi hutofautiana kwa watengenezaji, soma jina la dawa.)

Kuhusu kuzoea, hujakosea sana. Salbutamol ikitumika kila siku peke yake, njia za hewa huiitikia kidogo kuliko mwanzo na huchokozeka upesi zaidi. Ndiyo maana tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa tiba ya pumu, GINA, hautaki mtu wa miaka 12 na kuendelea atibiwe kwa salbutamol pekee. Rudi kliniki wiki hii na inhela zote mbili, uulize pia ile yenye budesonidi na formoteroli pamoja, inayokinga na kufungua kifua kwa wakati mmoja. Neno steroidi lisikutishe: kipimo chake ni cha mikrogramu na dawa inapelekwa moja kwa moja mapafuni. Ila sukutua mdomo na uteme kila ukimaliza, la sivyo utaota utando mweupe wa fangasi ulimini.

Swali: Nikimpulizia mwanangu wa miaka 6, mvuke mweupe unamtoka mdomoni. Dawa imeingia kweli?

Jibu: Nyingi haijaingia, mama. Dawa hutoka kwa kasi, ikagonga ulimi na koo kabla mtoto hajavuta. Anahitaji spesa, lile kopo la plastiki linalokaa kati ya inhela na mdomo. Tikisa inhela, ichomeke, mtoto abane midomo vizuri, bonyeza mara moja tu, kisha avute na kutoa pumzi taratibu mara tano au sita. Kwa mpulizo wa pili tikisa upya. Kubonyeza mara mbili kwa mpigo ni kupoteza dawa, kwa sababu matone hugongana na kuganda kwenye kuta za kopo.

Spesa ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, iachwe ijikaukie. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hupata umeme tuli na kunasa dawa. Isipopatikana, chupa safi ya plastiki ya nusu lita inafaa: toboa kitako kwa kipimo cha mdomo wa inhela, pasivuje pembeni, mtoto avutie shingoni mwa chupa. Na usipime inhela kwa kuitikisa au kuielesha majini. Gesi ya kusukumia huendelea kufuka hata dawa ikiwa imekwisha, kwa hiyo kama haina kihesabio, andika mipulizo.

Swali: Mtu akibanwa usiku, tumkimbize hospitali wakati gani?

Jibu: Mkalisheni wima, msimlaze. Mipulizo minne ya salbutamol, mmoja mmoja kupitia spesa, subirini dakika nne, rudieni. Asipofunguka, ondokeni, na njiani mwendelee na minne kila baada ya dakika nne. Msingoje hata hatua hizo kama hawezi kumaliza sentensi, midomo imebadilika rangi, nyama za mbavuni zinabonyea kila akivuta, au anasinzia. Mluzi wa kifuani ukinyamaza huku bado anahangaika, msishangilie: hewa inayopita imekuwa ndogo mno hata haitoi sauti.

Swali: Binti yangu wa miaka 15 ana miezi mitano hajabanwa. Tuache dawa?

Jibu: Msiache. Huenda utulivu huo ni kazi ya dawa yenyewe. Mgonjwa akitulia angalau miezi mitatu, daktari hupunguza kipimo kwa robo hadi nusu, kisha humwangalia tena. Wapo wanaotulia tangu balehe, pumu ikawarudia ukubwani. Msianze kupunguza akiwa na mafua au mkiwa karibu kusafiri.